Wasifu wa Mpiga Chapa Aliyeurudisha Msalaba

Wazee wetu, ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza baba yetu: mimi ni binti yake wa kwanza, na nimepewa heshima ya kusoma habari za maisha yake. Marehemu alichapa wasifu wa watu zaidi ya elfu nne katika karakana yake, kwa hiyo alijua vizuri mahali ambapo wasifu huanza kudanganya. Aliniachia maagizo mawili tu. Tarehe ziwe sahihi, na kosa lake kubwa lisirukwe. "Ukiliruka," aliniambia, "nitainuka jenezani nilisome mwenyewe." Tunamheshimu, na pia hatungependa ainuke kabla ya siku iliyopangwa.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya reli, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka amekunja uso, kama mtu aliyefunguliwa mlango akakuta nyumba haijafagiliwa. Mwaka 1945 akazaliwa mdogo wake, mtoto wa pili na wa mwisho, ambaye yeye alitoka akipiga kelele na hakunyamaza tena. Huyo ndiye Baba Mdogo wetu, ambaye baadaye mji mzima ulimwita Tarumbeta. Hakuna namna ya kumweleza marehemu bila kumtaja mdogo wake.

Alianza shule mwaka 1950 akamaliza darasa la nane mwaka 1957. Kwa hesabu alikuwa wa kawaida, lakini kwa kusoma hakuwa na mpinzani. Alipokuwa na miaka tisa alianza mafundisho ya dini, na mwalimu wao, mtu mwema kwa mambo mengine, aliwasha mshumaa mbele ya darasa na kumwita kila mtoto aweke kidole juu ya mwali huku wenzake wakihesabu mpaka tatu. Kisha akasema, "Hizo ni sekunde tatu. Jehanamu haina saa." Marehemu alirudi nyumbani na kidole kimevimba, akagoma kula. Mdogo wake alimsumbua mpaka akamweleza yote: moto usiozimika, mchana na usiku, milele na milele. Mtoto yule wa miaka mitano alifikiri, akauliza, "Moto wote huo, wanapika nini?" Marehemu alimzaba kofi kwa kumkufuru Mungu. Mama yao akamzaba marehemu kwa kumzaba mdogo wake. Hayo ndiyo mafundisho ya kwanza ya dini yaliyotolewa katika ukoo wetu.

Mwaka 1959 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa. Huko alijifunza kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja, na kusoma maneno yaliyogeuzwa kama kwenye kioo. Alisoma hivyo kwa kasi kuliko wengi wetu tunavyosoma gazeti. Mwaka 1974 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja kati ya fundi viatu na duka la magodoro. Mashine yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na ilipofanya kazi ilitikisa ukuta mpaka viatu vya jirani vikaanguka rafuni. Fundi viatu alilalamika kwa miaka ishirini na tano. Siku mashine ilipobadilishwa ikaja ya umeme isiyo na kishindo, alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Watu walimpachika marehemu jina la Mzee Nukta, kwa sababu kila alipomaliza kusema jambo alilolikata shauri aliongeza, "Nukta," na hapo mjadala umekwisha. Mama yetu ndiye pekee aliyethubutu kuendelea kusema baada ya nukta.

Naye mama alimpata kwa njia yake. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, akaja kiwandani kuchukua karatasi za nyimbo, akakuta ubeti wa tatu umewekwa mahali pa ubeti wa pili. Marehemu alikataa, akachungulia, akazichukua karatasi kuzichapa upya. Alisema tangu siku ile aliona ni salama zaidi mtu wa namna hiyo akae upande wake. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1969, na Mungu akawajalia watoto watatu: mimi niliyerithi karakana, mdogo wangu fundi wa kuchomelea, na kitinda mimba wetu muuguzi.

Kazi kubwa ya karakana ilikuwa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu wa marehemu. Mwaka 1983 watoto wa mkunga mmoja mzee waliagiza programu siku ya Alhamisi, kwa kuwa madaktari walikuwa wamekata tamaa na wao hawakutaka kuchelewa. Marehemu akachapa nakala mia moja na hamsini. Jumamosi mgonjwa aliomba chai. Wiki mbili baadaye aliingia karakanani kwa miguu yake mwenyewe, programu mkononi.

"Nani kaandika nilikuwa mpole?"

"Wanao, mama."

"Futa. Na hapa mmeandika nimeshafika mbinguni. Kwani mlinisindikiza?"

Kwa miezi kadhaa watu walikwenda kwake kumuuliza ameona nini huko ng'ambo. Alimjibu kila mmoja kwamba ameona dari, na kwamba dari yenyewe ilikuwa na buibui. Aliishi miaka tisa mingine. Marehemu alicheka kisa hicho mpaka machozi, ila alikiri kwamba lile swali la kusindikizwa lilimkaa kooni.

Sasa nafika mahali alipotuagiza tusiruke.

Mwaka 1976, akiwa na miaka thelathini na mitano, marehemu alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Bado alikuwa na kile kidole cha mshumaa rohoni. Katika kikao chake cha pili alitoa hoja, naye mwenyewe akaiandika: mtu aliyetengwa na kanisa akifa kabla ya kutubu hadharani, azikwe bila mchungaji na bila kengele, upande wa chini wa makaburi karibu na ua, na programu yake isiwe na msalaba kwenye jalada. Alisema watu wakiona mwisho wa mwenye dhambi wataogopa moto, na wakiogopa wataokoka. Wazee wakaona ni busara. Msalaba wenyewe ulikuwa kibao kidogo cha kuchapia, cha mti mgumu, alichokichonga kwa mkono wake. Alikihifadhi ndani ya droo ya juu, na ni yeye aliyeamua kitoke au kibaki.

Katika miaka kumi na miwili kibao kile kilibaki ndani ya droo mara nane. Fundi baiskeli. Mama muuza maua. Mpishi wa shule. Kijana wa petroli, na wengine wanne. Kila mara marehemu alichapa jalada jeupe, akasema nukta, akaenda kula chakula chake cha mchana. Tusimfanye malaika: alilala vizuri.

Baba Mdogo alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa tangu ujana wake, na aliipiga vizuri mno kwa nyimbo walizompa. Mwaka 1985 bendi ya baa moja ya stendi ikamwita, naye akaenda. Alianza kwa kupiga, akaishia kwa kunywa. Kikao cha wazee kikamtenga, na kaka yake akiwa ndani ya kikao. Walipokutana njiani Baba Mdogo alimtania, "Kaka, ukifika kwa Mungu usisahau kunifungulia mlango wa nyuma." Marehemu aliendelea na safari yake. Aliamini kuna muda.

Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1988, saa mbili asubuhi, lori liliacha njia likamgonga Baba Mdogo kwenye ile barabara inayounganisha stendi na kanisa. Alikufa palepale, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Tarumbeta yake ilikuwa ndani ya mfuko begani. Hakuna aliyejua alikuwa anatoka baa au anakwenda ibadani, na wote waliodai kujua hawakuwepo.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Jumatatu ile marehemu alifunga mlango wa karakana, akapanga herufi za jina la mdogo wake. Nilikuwa nimesimama pembeni nakunja karatasi, nikiwa na miaka kumi na saba. Nilimwona akifungua droo, akakitoa kibao cha msalaba, akakishika muda mrefu. Kisha akakirudisha. Alisema sheria aliyoitunga kwa watoto wa wenzake hawezi kuivunja kwa mtoto wa mama yake. Hata leo sijui kama ule ulikuwa uaminifu au ulikuwa woga. Nadhani yeye pia hakujua.

Makaburini, karibu na ua, bibi yetu alipewa nakala yake. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Msalaba uko wapi?"

"Ni utaratibu, mama."

"Wa nani?"

Marehemu akainama. Bibi hakupandisha sauti, lakini waliosimama karibu walimsikia neno kwa neno. "Mimi nimezaa wawili tu. Mmoja unaniambia yuko motoni, na mmoja ndiye aliyemwandikia njia. Sasa nikifa mimi niende wapi, nikawapate wote wawili?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.  Marehemu alirudi kwa mama yake kila Jumamosi kama kawaida, akatengeneza bomba, akabadilisha balbu, na bibi alimpikia kama kawaida. Ila bibi hakucheka tena mbele yake. Nyumba ile iliyokuwa na kelele za watoto wawili ikawa na kijiko kinachogonga kikombe.

Mwaka 1989 marehemu alisimama kikaoni akaomba sheria yake mwenyewe ifutwe. Walimkatalia. Akarudi mwaka uliofuata, wakamkatalia. Aliyempinga kwa nguvu zaidi alikuwa mwalimu mkuu wetu wa zamani, mtu mnyoofu, ambaye alisema tukiondoa utaratibu huu hakuna mtu atakayeiogopa jehanamu. Wengine walisema pembeni kwamba Mzee Nukta amelainika kwa sababu ya damu yake, na kwamba wale wanane wa kwanza hakuwalilia. Marehemu aliposikia alisema, "Ni kweli. Hilo nalo niandikieni." Akaanza kuwatembelea wale wanane makaburini, mmoja mmoja, na kung'oa majani.

Mara kumi alileta ombi lake, na mara kumi likaanguka. Wakati huo alisoma Maandiko kwa namna mpya, kama anavyosoma fundi anayetafuta kosa lake mwenyewe katika kazi iliyokwisha kuchapwa. Watu walisema atatoka huko akisema moto haupo. Hakusema hivyo. Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1999, alisimama mara ya kumi na moja, na maneno yake yamo katika kumbukumbu za kikao, nami nayasoma yalivyoandikwa.

"Wazee wenzangu, jehanamu ipo. Mimi naiogopa kuliko ninyi nyote, kwa sababu nimekaa kwenye kiti cha kupeleka watu huko, na najua kiti kile kina joto kiasi gani. Lakini orodha ya waliomo hatukupewa sisi tuichape. Kila mtu ana dakika yake ya mwisho ambayo sisi hatupo. Mchungaji hayupo, mzee wa kanisa hayupo, mama hayupo. Aliyepo ni mmoja tu, na huyo alikufa kwa ajili ya mtu yule yule. Mdogo wangu alipokuwa chini ya lori, mimi nilikuwa nimevaa koti naja ibadani. Kwani nilimsindikiza? Mpaka leo tumekuwa tukiandika jibu la mtihani ambao hatukuusimamia. Naomba tuache."

Hakusema nukta. Akakaa. Wakapiga kura, zikawa saba kwa tano, na sheria ikafutwa.

Ndugu zangu, kama mnataka kujua baba yetu alikuwa mtu wa namna gani, tazameni alichofanya baada ya kushinda. Jumatatu asubuhi alifungua karakana, akapanga upya herufi za programu tisa, akakitoa kibao chake, akaweka msalaba kwenye kila jalada. Nilikanyaga mashine mimi, yeye akilisha karatasi. Halafu akazipeleka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, hakumtuma mtu. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Niliwakosea. Sikuwa na haki ya kuuondoa. Nimeurudisha." Watoto wa muuza maua walimkumbatia. Mama wa kijana wa petroli alimfungia mlango, naye akarudi mara nne mpaka ukafunguliwa. Mjane wa fundi baiskeli aliipokea karatasi, akaibusu, kisha akamwambia aondoke na asirudi. Marehemu aliondoka na hakurudi. Alisema mama yule ana haki yake.

Ya tisa aliipeleka kwa mama yake. Bibi alikuwa na miaka sabini na tisa, macho yamefifia. Aliishika karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya msalaba.

"Umeuweka umepinda."

Marehemu akaruka kutoka kitini, akainyakua karatasi, akaichunguza hivi na hivi. Ulikuwa umenyooka kama mstari. Alipoinua kichwa akamkuta mama yake anacheka, na kile kicheko kilikuwa hakijasikika nyumba ile kwa miaka kumi na nusu. Walicheka wote wawili mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Bibi alifariki mwaka 2001, kitandani mwake, akiwa na amani, na programu ile ilikuwa chini ya mto.

Jumapili, tarehe 2 Mei 1999, mchungaji aliamuru kengele ipigwe mara tisa. Bendi ya kanisa ikashuka mpaka upande wa chini wa makaburi ikapiga wimbo wa ufufuo mbele ya ua, kwa sauti ambayo stendi nzima ilisikia. Wanamuziki wa ile baa wakaja na vyombo vyao, wakasimama nyuma kwa adabu, na marehemu akawaita mbele. Mwalimu mkuu naye alikuwepo. Alimwambia baba, "Nilipiga kura ya hapana, na bado nasema hapana. Lakini nimekuja kuimba." Akaimba, na sauti yake tunaijua. Yupo hapa leo mstari wa pili. Asubuhi nimemuuliza, na bado anasema hapana. Baba alimpenda kupita kiasi.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2021. Alikwenda hospitali mara mbili kwa wiki, na alisahihisha matangazo ya ukutani mpaka wauguzi wakamfichia kalamu. Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa dereva wa lori aliyevunjika mguu, na mara ya kwanza baba aliposikia kazi yake aligeukia ukuta siku nzima. Siku ya pili alianza kumkatia maembe. Dereva yule alimuuliza, "Mzee, wewe ni mtu wa kanisa. Mtu kama mimi huko atapokelewa kweli?"

"Wewe unataka kupokelewa?"

"Nataka, mzee."

"Basi umeshapiga hodi. Kufungua si kazi yangu, na nakuhakikishia ni afadhali."

Dereva amekuja leo na magongo yake. Tunamshukuru.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, nilikuwa nimeketi pembeni yake. Nilimuuliza kama anaogopa. Alisema anaogopa kidogo. Nikadhani ni ule moto wa utotoni. Akatikisa kichwa.

"Nitamwambia nini mdogo wangu?"

"Ulimrudishia msalaba, baba."

"Msalaba wenyewe ulichelewa miaka kumi na nusu."

Akafumba macho, nami nikadhani amelala. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo zuri, "Atanicheka. Yule hajui kununa. Ngoja anicheke." Alisema hivyo akitabasamu, na saa tatu na dakika kumi alivuta pumzi yake ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu, miezi miwili na siku ishirini. Nimekuwa mpiga chapa wa misiba maisha yangu yote, na sikuwahi kuona mauti yakiondoka chumbani yameaibika namna ile. Yalikuja kumchukua mtu, yakakuta ana miadi na ndugu yake na yuko tayari kwenda. Nalia, ndiyo, ni baba yangu. Lakini nalia kama mtu aliyeshinda.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na vitukuu wawili. Familia inawashukuru wauguzi, mchungaji, wazee wa kanisa wote kumi na wawili, saba na watano, na fundi viatu. Jambo moja aliliongeza kwa mkono wake kwenye rasimu hii, akisema miaka yote tumeorodhesha walioachwa na kusahau upande wa pili. Nalisoma kama alivyoliandika: "Nimekwenda kwa baba yangu, kwa mama yangu, na kwa mdogo wangu. Wote wako pamoja. Sijaona, ila nimeahidiwa."

Apumzike kwa amani baba yetu, yeye na mdogo wake, na kila mtu tuliyewahi kumzika bila msalaba.